Sabuni tunapeleka kila Februari 11, mkutano wa kijiji hatuendi. Wakatoliki wa Bagamoyo tuongee

Nesi Mstaafu Bgm

Wanajukwaa habari za jioni. Wakatoliki wenzangu Tumsifu Yesu Kristo, majirani zetu Waislamu assalam aleykum, maana nalotaka kuongea ni letu wote. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie.

Mimi ni muuguzi, nimestaafu, naishi Bagamoyo nje kidogo ya mji. Kigango chetu, yaani kikanisa kidogo chini ya parokia, sikitaji wala zahanati siitaji, sitaki uzi ugeuke wa kumsakama mtu.

Mnajua Februari 11 ni Siku ya Wagonjwa Duniani, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi. Kwetu WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tunachanga, inakuwepo Misa na mpako wa wagonjwa, alafu tunawazungukia wale wasioweza kutoka ndani. Mwaka juzi tulipata mche wa sabuni kwa kila mgonjwa, sukari na unga. Kwenye jumuiya yetu, kile kikundi cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, kuna bibi mmoja ana presha siku nyingi. Tumefika, tumesali, tumeimba, tumempa mzigo wake, akashukuru mpaka machozi. Tunaaga akanishika mkono, "mwanangu we si nesi, hebu ngoja nikuonyeshe." Akafungua pindo la kanga akatoa karatasi ya vidonge vya amlodipini, vishimo vyote vitupu, imekunjwakunjwa mpaka maandishi yamefutika nusu. Kumbe anaitunza ili akipata hela amwonyeshe muuza duka la dawa. Zahanati dawa hakuna tangu Desemba, kila akienda anaambiwa akanunue. Nikampima pale pale kwenye mkeka, 190 kwa 110.

Kiukweli sikulala. Tulikuwa wanawake 14 mle ndani na miche yetu ya sabuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza dawa za zahanati zinaombwaje, nani anaomba, nani anapitisha. Hata mimi niliyeshinda wodini maisha yangu yote. Na yule bibi ana zaidi ya miaka 60 na hana uwezo, sera ya nchi inasema mtu kama yeye atibiwe bila malipo, sawa na mjamzito na mtoto chini ya miaka 5. Sera ipo vizuri tu, ila msamaha wa kulipa hausaidii kitu kama kabati la dawa ni tupu.

Kesho yake nikaenda zahanati, sikwenda kugombana, nilienda kusoma ubao wa matangazo. Pale pamebandikwa karatasi ya fedha zilizoingia na zilizotumika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haziishii halmashauri kama zamani, na matumizi yanapita kwenye kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ndani yake kuna wananchi wa kawaida kama mimi na wewe. Nikauliza wajumbe wetu ni kina nani. Mmoja alishahama, mmoja alishafariki Mungu amrehemu, waliobaki hawajakaa kikao muda mrefu. Nikauliza mbona hawajajazwa, nikaambiwa jambo lilipelekwa mkutano mkuu wa kijiji ila mkutano haukufanyika, watu hawakutosha.

Hapo ndipo nilipoumia. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu na mjumbe wake ni kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea. Kigango chetu Jumapili tunajaa mpaka wengine wanasimama nje kwenye mkorosho. Uliofuata nilienda mwenyewe, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, nikahesabu Wakatoliki ninaowajua, tulikuwa watatu. Mkutano ukaahirishwa, akidi haikutimia.

Sasa swali langu kwenu. Matamko ya maaskofu yakisomwa tunapiga makofi, mfano Agosti 2023 lile tamko la TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kuhusu mkataba wa bandari, kwetu watu walipiga makofi kanisa zima. Ila pale chini ya mwembe ambapo mkono wako mmoja ukinyooka unahesabiwa kweli, hatupo. Kwa nini? Naombeni tuongee kwa uwazi.

---

Mgeni Njoo

Mama shikamoo. Uzi mzuri ila mi napingana na wewe kidogo. Kanisa likae na mambo ya roho. Ukianza kutangaza mikutano ya kijiji kanisani kesho atakuja diwani anataka na yeye atangazwe, keshokutwa mgombea ubunge anakaa benchi la mbele na bahasha ya harambee. Tumeshayaona haya. Paroko akishaonekana yuko upande fulani waumini wanagawanyika na wengine hawarudi tena.

---

Nesi Mstaafu Bgm

Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya kweli wala siidharau, hata mimi sitaki mgombea asimame karibu na altare. Padre mwenyewe amefungwa na sheria za Kanisa, kanuni ya 287 inamkataza kuwa mtendaji kwenye vyama vya siasa. Ndio maana sijasema paroko aende, nimesema sisi walei, waumini wa kawaida, twende. Mkutano wa kijiji sio wa chama. Kuuliza vidonge vya presha viko wapi sio kumpigia mtu kampeni.

Na hili la mambo ya roho peke yake ngoja nikukumbushe kitu. Januari 2021 mnakumbuka hali ilivyokuwa, takwimu za korona nchi ilikuwa imeshaacha kutoa tangu mwaka uliotangulia, ukitaja ugonjwa unaonekana unaleta taharuki. TEC chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wakatoa waraka kuwatahadharisha waumini kuhusu wimbi jipya. Machi mwaka huo Padre Charles Kitima, katibu mkuu wa TEC, akasema ndani ya miezi miwili wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, watu waliokuwa na matatizo ya kupumua. Mimi wakati ule nilikuwa nazika watu wangu. Kwetu ndoo za maji zilirudi mlangoni mwa kanisa, sabuni tukaifunga kwenye kipande cha wavu wa vitunguu tukaining'iniza kwenye koki watoto wasiondoke nayo, kupeana mikono ya amani tukaacha tukawa tunainamiana. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia akazindua chanjo na kuchanjwa hadharani. Katikati hapo kuna watu walipona kwa sababu ya ile ndoo na ule waraka. Huwezi kuniambia ile haikuwa kazi ya Kanisa.

---

Katekista wa Tanga

Milele amina mama. Naandika kutoka Tanga, ni katekista wa kigango kimoja huku, nina la kuongeza.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kitaifa 2018 ilikuwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. 2024 ikabadilishwa ikawa sindano moja kuanzia miaka 9 mpaka 14. Sasa hapo kwenye watoto wa miaka 9 ndio maneno yakawa mengi, grupu la wasapu la wazazi likawaka moto, inafunga kizazi, wazungu wanatumaliza, kila mtu ana sauti aliyotumiwa na mtu asiyemjua. Nilimfuata paroko nikamwambia baba hili ukiliacha shule wiki ijayo watoto watafichwa. Akamwita nesi wa zahanati akampa nafasi kwenye matangazo baada ya komunyo, dakika tano. Nesi akaeleza vizuri tu ila watu wamenuna. Mama mmoja akasimama akauliza, "na wewe wa kwako umempeleka?" Nesi akanyoosha kidole kwenye kwaya ya watoto akasema yule pale mwenye gauni la njano, kachanjwa jana. Kanisa likatulia. Mi naona yale maelezo yote ya dakika tano yalishindwa na ile gauni ya njano.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kingatiba za matende na mabusha. Ukanda wetu wa pwani mnaujua. Wazee walikuwa wanasema busha linaletwa na madafu au umerogwa, kumbe ni minyoo inayoletwa na mbu, na dawa za ivermectini na albendazoli zinagawiwa bure. Watu walikuwa wanapokea vidonge wanavitia mfukoni. Tukaamua kwenye jumuiya kwamba mgawa dawa akija tunameza mbele ya wenzetu, mwenyekiti wa jumuiya kwanza. Hakuna tamko la askofu hapo, ni watu wanaojuana majina wamekaa kwenye mkeka mmoja.

---

Binti wa Dunda

Samahani mama nina swali na usinielewe vibaya. Kanisa linasema linajali afya ila uzazi wa mpango linapinga, kondomu linapinga. Sisi wasichana tunaona ni kama linachagua. Utamwambiaje mtu akusikilize kuhusu presha wakati kwenye mambo yanayotuua sisi vijana mnatuambia tusali?

---

Nesi Mstaafu Bgm

Mwanangu swali lako ni zito na sitalizunguka. Mafundisho ya Kanisa kuhusu uzazi wa mpango ni njia za asili, yako hivyo tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita wa 1968, na mimi kama Mkatoliki nimeishi nayo na kama muuguzi nimekaa na wanawake wengi ambao maisha yao hayakuwa mepesi kiasi hicho. Nilichokuwa nafanya ni kumpa mtu ukweli wote wa afya yake na kutomfukuza. Sitakudanganya kwamba mgongano haupo, upo, na watu wa imani wanaubeba kila siku.

Ila usiseme tuliwaambia wenye ukimwi wasali tu. PASADA, huduma ya wagonjwa wa ukimwi ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, imeanza 1992, wakati huo dawa hakuna, mgonjwa anatengewa sahani yake. Hapa nchini dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure na serikali 2004. Hiyo miaka 12 katikati nani alikuwa anawaogesha wagonjwa majumbani? Masista, WAWATA, majirani. Mi nilikuwepo. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada wagonjwa walinipigia simu wanauliza dawa zetu zitaisha? Hilo ni swali la bajeti ya nchi yetu, na ndio maana nasema na nyie vijana njooni mikutanoni mseme yanayowaua. Ukilisema wewe mwenyewe lina uzito kuliko nikikusemea mimi.

---

Dokta Kijijini

Naomba niingie hapa, mi ni mganga mfawidhi wa zahanati, sio hiyo ya mama, nyingine kabisa ila mkoa huu huu. Watu wanadhani dawa zikikosekana daktari kaziuza. Wapo wabaya sikatai. Ila mara nyingi iko hivi. Mimi naomba dawa Bohari ya Dawa, MSD, naomba aina 40 zinakuja 25, zile nyingine hazipo. Hizo ambazo MSD hawana naruhusiwa kununua kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa. Sasa ili ninunue lazima kamati ya kituo ikae na kupitisha, muhtasari usainiwe, ndio malipo yaende. Kamati isipokaa hela iko akaunti na mgonjwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Hela ipo! Mi nimewahi kusubiri wiki saba akidi ya kamati wakati dawa ya kifafa imeisha, na mgonjwa wangu mmoja alianguka kwenye moto wa jikoni ndani ya hizo wiki. Mkono wake mpaka leo naukumbuka.

Watu hawataki ujumbe wa kamati kwa sababu posho ni ndogo au hakuna kabisa. Parokia ikinipa watu watatu waaminifu wanaojua kusoma hesabu na kuja kikao bila kuuliza posho, mtakuwa mmenisaidia kuliko mkinijengea jengo.

---

Mgeni Njoo

Dokta umenifungua, hili la hela kuwepo na kamati kutokaa sikulijua kabisa. Bado nina wasiwasi na siasa ila hapa nakubali.

---

Mwana wa Magomeni

Waaleykum salaam bi mkubwa. Mi ni Muislamu, nimezaliwa hapa hapa, na huo mkutano ulioahirishwa naujua maana nilikuwepo. Msijilaumu peke yenu, na sisi tulikuwa wachache. Bibi unayemsema kama ndiye ninayemfikiria ni jirani wa mama yangu, wanakula futari pamoja kila Ramadhani.

Tatizo jingine ambalo watu wa ofisi hawalioni ni siku. Walikuwa wanapanga mkutano wakati wa giza, zile siku ambazo usiku hakuna mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wakati wa giza wako baharini usiku kucha na taa zao, asubuhi wanauza, mchana wamelala. Ukitaka wanaume wa kijiji hiki uwapate panga mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawavuliki, kila mtu yuko kijiweni anacheza bao. Mkitangaza nyie Jumapili sisi tutaomba imamu atangaze baada ya swala ya Ijumaa.

---

Nesi Mstaafu Bgm

Mwanangu wa Magomeni Mungu akubariki, hilo la mbalamwezi lilitusaidia kuliko unavyojua, maana nakumbuka wakati ule ulimwambia na mwenyekiti wa kijiji ana kwa ana. Acha nimalizie ilivyokuwa kwa wale wanaouliza ikaishaje.

Kwanza tulilipeleka kwenye jumuiya Jumamosi asubuhi, baada ya Injili kila mtu akasema anachojua kuhusu zahanati. Ilichukua saa mbili badala ya moja, sijawahi kuona kina baba wanakaa hivyo. Jumuiya nyingine tatu zikafanya hivyo hivyo. Halmashauri walei ikakubali kwamba mkutano wa kijiji utangazwe kama tunavyotangaza msiba au ndoa, siku na saa basi, hakuna jina la mtu wala chama. Paroko alisita mwanzoni, aliogopa kama Mgeni Njoo, baadae akasema litangazwe na mwenyekiti wa kigango sio yeye. Sawa kabisa.

Mkutano ukafanyika, mwembe haukutosha kivuli. Nafasi mbili za kamati zikajazwa, mmoja mwalimu mstaafu kutoka kigango chetu na mwingine mama muuza samaki wa upande wa msikiti, huyu anajua hesabu balaa, alimuuliza mganga mbele ya watu kwa nini mafuta ya jenereta yamelipwa na jenereta limekufa mwaka mzima. Ilibidi lijibiwe. Kikao cha kwanza kikapitisha ununuzi kwa mshitiri na vidonge vya presha vikaja kabla masika hayajaisha.

Sio kwamba yote yameisha. Sa hivi dawa ya kisukari ndio inakatika katika. Wajawazito bado kuna siku wanaambiwa waje na glavu zao, hili tumeliandika na litasomwa mkutano ujao. Na kuna bima. Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, watu kijijini wanaijua kwa kusikia tu, wengi bado wanakumbuka ile CHF, mfuko wa afya ya jamii, ya 30,000 kwa kaya ya watu 6 na wengine walilipa wakakuta dawa hakuna wakaapa hawarudii. Nataka tumlete mtu wa halmashauri aje kigangoni na msikitini kueleza, na aulizwe maswali magumu.

Kuna kitu kimoja nakiwazaga nikipita Misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na pale makaburini ukisoma umri wao wengi walikuwa vijana wadogo, homa ziliwamaliza. Na ni hapa hapa Bagamoyo ambapo watoto wetu, wa Kikristo na wa Kiislamu, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya R21 kupitia taasisi ya Ifakara, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike Oktoba 2023. Wale akina mama waliokubali kupeleka watoto wao walikuwa majirani zetu tu, hakuna aliyewaandika popote. Tangu Machi 2025 tuna jimbo letu wenyewe la Bagamoyo, limekatwa kutoka Dar es Salaam na Morogoro, ofisi ndio zinapangwa, kamati ndio zinaundwa. Mimi naomba idara ya afya ya jimbo isianze na semina ya hotelini. Ianze na kuuliza kila kigango, zahanati yenu kamati ilikaa lini mara ya mwisho?

---

Katekista wa Tanga

Hilo swali naliiba mama, Jumapili nalitangaza huku.

---

Binti wa Dunda

Mama asante kwa kunijibu bila kunigombeza. Mkutano ujao lini? Na bibi anaendeleaje?

---

Nesi Mstaafu Bgm

Njoo mwanangu, na uje na wenzako. Tarehe bado haijabandikwa.

Bibi nimempima leo asubuhi, 150 kwa 90, sio mbaya kwa umri wake. Anapata vidonge vya mwezi mzima kwa mkupuo. Ile karatasi tupu bado anayo kwenye pindo la kanga, nilimwambia aitupe akakataa, anasema vikiisha tena ataenda nayo mkutanoni mwenyewe.

---

Mwana wa Magomeni

Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo mbalamwezi kali ni kama siku kumi na mbili kutoka leo, mwenyekiti kashasema ataupanga hapo. Mwambieni bibi asitembee kwa mguu, mi nitamfuata na bodaboda.